Ubao wa Katikati

Nasra, mama,

Barua hii naiandika usiku, na asubuhi utaikuta ndani ya kiatu chako cha kulia, kwa sababu hakuna mahali pengine ambapo nina hakika utatazama kabla ya kutoka nyumbani. Ningeiweka ndani ya begi ungeisoma ukiwa umefika shuleni Gitega, na huko isingefaa kitu. Isome sasa, umekaa kitandani. Isome yote. Nakujua, unaruka mistari.

Sitakuambia habari za sabuni, wala za baridi ya kule juu, wala za wasichana wa bweni wanaoazima sweta wasirudishe. Mama yako amekwisha kuyasema hayo na atayasema tena mlangoni. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni fulari yako ya skauti, kile kitambaa cha shingoni.

Jana nimeiona imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa pembe kwa pembe na kutiwa ndani ya bahasha ya khaki. Miaka yote hii fulari hiyo imelala chini ya godoro, imening'inia juu ya mlango, mara moja niliikuta ndani ya sufuria. Mtu hakipigi pasi namna ile kitu anachoendelea kukivaa. Namna ile hupigwa pasi kitu kinachorudishwa kwa mwenyewe. Nikajua. Shefu Dezire, kiongozi wenu, atakuja kesho kituo cha basi kukuaga, nawe utamkabidhi bahasha, utasema asante, utapanda basi. Na ile ngazi ya juu kabisa ya skauti, ambayo umeikimbilia tangu ukiwa na meno ya mbele mapya, utakuwa umeiacha kwa kubakiza kazi moja tu. Usimlaumu mama yako, hajaniambia kitu. Nimejumlisha mwenyewe.

Nakuomba usiirudishe.

Najua unachofikiri sasa hivi. Unafikiri, huyu mzee anataka nini? Fikiri hivyo hivyo, ningekuwa wewe nami ningefikiri hivyo. Hakuna mtu hapa Kinama aliyeipinga hiyo skauti yenu kuliko mimi, na leo nimegeuka wakili wake. Endelea kunishuku, lakini shuku huku ukisoma.

Siku ulipoileta fulari hiyo nyumbani mara ya kwanza, nilikuuliza maswali mpaka chai ikapoa. Nani amekupa? Kwa nini akupe? Mtu mzima anayekusanya watoto wa watu uwanjani kila Jumamosi akawafundisha kufunga kamba, analipwa na nani? Ukasema halipwi. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mtu anayelipwa, unajua anachotaka.

Mimi nimekulia mji huu, mama. Sijakuhadithia kila nilichokiona, nawe hujaniuliza, na tuache hivyo. Lakini nimeona vijana wakivalishwa nguo za namna moja na kupangwa mistari, na niliona pia mistari hiyo ilikoelekea. Kwa hiyo nilipokuona na shati la mifuko miwili na kitambaa shingoni, roho ilinipasuka. Sikuweza kukueleza, ulikuwa mdogo. Nikawa mkali tu.

Na nikakufuata. Jumamosi ile niliyoaga nakwenda garaji, nilikuwa nyuma ya ukuta wa uwanja wenu, nimechutama, najifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa sandali. Shefu Dezire akaniona, akaja taratibu, akasema, "Papa, njoo ukae ku benchi. Hapo iko siafu mingi." Nikakaa kwenye benchi mpaka jioni. Nilitafuta ubaya kwa macho yote mawili, nikaona watoto wanapika wali usioiva na kuusifia. Hata hilo halikunituliza. Nilisema moyoni, wamejua nakuja, wameficha.

Halafu likaja lile jina. Ulirudi kutoka kambini umejaa siri, na asubuhi moja mwenzako akakuita dirishani, "Nyegere! Nyegere, tunachelewa!" Kumbe huko mnapeana majina ya wanyama, kila mtu na lake, na watu wa nje hawaambiwi. Nusura nizimie. Mtoto niliyemchinjia mbuzi akaitwa Nasra, leo nyegere? Nilikwenda mpaka kwa shehe. Shehe akaniuliza huyo nyegere ni mnyama gani, nikamweleza, ni mdogo, mbishi, akikishika kitu hakiachi hata nyuki wote wa msitu wa Kibira wamuume. Shehe akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Jumaine, hiyo jina ingekufaa we."

Sikuombi radhi kwa hayo. Kushuku ndiyo kazi yangu. Pale garajini, Asiatique, madereva hawaniletei breki zao kwa sababu ya tabasamu langu. Plaketi mpya za breki, vile vibao vya kubana gurudumu, zikija ndani ya boksi zuri, mimi siangalii boksi. Nazikwaruza kwa ncha ya msumari, nazinusa, nazipima mkononi pamoja na za zamani. Plaketi bandia hung'aa kuliko za kweli, na dukani huzitambui. Utazitambua ukishuka mteremko wa Bugarama, na hapo umeshachelewa. Kisha nikimaliza kufunga, simpi dereva ufunguo nikamwambia nenda salama. Napanda naye. Nakaa kiti cha mbele, tunakimbia kidogo, tunasimama ghafla, kichwa changu kiko karibu na kioo sawa na chake. Bwana aliyenifundisha kazi alifanya hivyo, nami nafanya hivyo. Fundi wa breki hupanda kwanza.

Mara moja sikupanda. Dereva mmoja alirudi analalamika gari linavuta kushoto. Nilimtazama usoni, nikaona macho ya mtu asiyelala, nikasema huyu anaendesha akisinzia. Nilimshuku yeye, basi, sikutia hata jeki. Kesho yake aliingia ukuta wa duka la mikate. Hakuna aliyeumia isipokuwa mikate, alhamdulillah, na gurudumu lilipofunguliwa ikaonekana boliti yangu mwenyewe niliyoiacha imelegea. Mpaka leo nikipita pale, mwoka mikate ananisalimia huku anaangalia upande wa pili. Watu walidhani nitajifunza kuacha kushuku. Apana. Nilijifunza kwamba shuku yangu ilichoka njiani. Ilifika kwa dereva ikakaa kitako, wakati ilipaswa kuendelea mpaka chini ya gari na mpaka kwenye mikono yangu.

Sasa tuje kwenye kidaraja chako. Nitakieleza kama vile hukijui, kwa sababu nadhani umeacha kukitazama.

Ni magogo matatu ya mkaratusi yaliyolazwa juu ya ule mfereji mkubwa kati ya mtaa wetu na Carama, mbao zimepigiliwa juu yake, na upande mmoja kuna mkono wa kushikia. Mlikijenga wewe na kundi lako wakati wa kiangazi, mkabeba magogo begani mpaka mashati yakachanika, na wewe ndiye uliyekichagua kiwe kazi yako ya mwisho. Masharti ulinieleza mwenyewe. Ili upewe ngazi ya juu, na ile fimbo yenye panda ambayo mtu anaipokea mbele ya wenzake, wakubwa wa skauti watakuja likizo ijayo waone mambo mawili. Kwamba kitu kimejengwa, na kwamba watu wanakitumia kwa hiari yao.

Kimejengwa, lakini hakuna anayepita. Mvua zimeanza, watoto wa shule wanashuka mferejini wameshika viatu mkononi, wanapanda ng'ambo wamelowa mpaka mapajani, na kidaraja kipo pale pale pembeni yao, kikavu. Ulisimama jioni nyingi ukiwaita, "Piteni huku, haina shida!" nao wakazidi kukwepa. Mwisho mtu akaja akang'oa ubao wa katikati. Siku hiyo ulirudi ukakataa kula. Ukasema, "Baba, watu wa hapa haiko watu. Unawajengea, wanakuibia. Mi nimechoka, basi."

Mama yako alikubembeleza. Mimi nilikuwa nawaza mwizi.

Leo alasiri, ulipokwenda kumuaga bibi yako, nilikwenda mferejini kumtafuta. Nilianza na misumari. Mwizi wa kuni hana muda na msumari, hupiga ubao kwa shoka mpaka upasuke. Huyu alikuwa ameing'oa misumari mmoja mmoja bila kuliumiza gogo, na misumari yenyewe ilikuwa imepangwa juu ya jiwe, imefunikwa na kikopo ili isipate kutu. Nikasema, hii si kazi ya mwizi, hii ni kazi ya mtu mwenye jambo lake.

Nilipoinua kichwa, Mama Faida alikuwa ananitazama. Yule mama wa Uvira anayeuza mkaa na mandazi pale ukingoni, unamjua, anayehesabu kila mtu anayepita kama polisi wa mpakani.

"Baba Nasra, unatafuta nini mu mufereji?"

"Natafuta ubao. Mwizi ameuchukua."

"Apana mwizi. Ni mi niliukamata."

Alisema hivyo akiendelea kugeuza mandazi. Nikamuuliza kwa nini.

"Ju nione nani atakuya kuuliza," akasema. "Kitu yenye iko na mwenyewe, ukiigusa, mwenyewe anakuya. Nilikaa hapa, nikangoya. Hakuna mutu amekuya kuuliza. Basi nikasema, ah, kumbe hii kitu haina mwenyewe. Siku moja itavunjika, na hakuna mutu wa kuuliza. Mi siwezi kupitisha mutoto wangu juu ya kitu haina mwenyewe."

Nasra, nilimtazama yule mama nikaona mtu wa ukoo wangu. Ningefanya vile vile. Nikataka kumwambia hivyo, lakini hakuwa amemaliza.

"Tena si ni maneno yako? We ndiye ulisema pale inje ya musikiti, kitu ya bure iko na mwenyewe nyuma yake, mungoye, mutamuona. Batu bote ba huku banarudilia ile maneno. Kama baba ya mutoto haiko na imani, mi nitaitoa wapi?"

Nilikumbuka. Ilikuwa siku chache baada ya nyinyi kupigilia ubao wa mwisho. Tulikuwa tunakunywa kahawa baada ya sala, mtu akanisifia kidaraja cha binti yangu, nami badala ya kusema asante nikatoa mzaha huo. Watu walicheka na nikafurahi kuwachekesha. Sikuwa na nia mbaya. Ni mdomo tu uliozoea. Lakini maneno hayo yalivuka mfereji kabla ya mtu yeyote kuvuka, na kila mtoto aliyelowa msimu huu alilowa akiwa na maneno yangu masikioni. Naona haya, mama. Naona haya sana kukuandikia jambo hili, na ningeweza kuliacha, usingejua kamwe.

Basi nikafanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Nilipanda. Unajua uzito wangu. Niliruka pale penye pengo, nikasimama katikati, nikakanyagakanyaga kwa nguvu kama ninavyokanyaga breki, na magogo hayakulia hata kidogo. Nilifika Carama nikarudi. Wanawake wawili waliokuwa na ndoo walisimama kunitazama, mmoja akamwambia mwenzake kitu kwa Kirundi, wakacheka. Walishuka mferejini kama kawaida, lakini nimeona yule wa nyuma akigeuka kuangalia tena.

"Sawa," Mama Faida akasema. "Imebeba tumbo yako."

"Basi nipe ubao niurudishe."

"We ndiye ulijenga?"

"Ni mwanangu."

"Apana. Mwenye alijenga, akuye yeye. Namujua. Anakuya hapa, anaangalia shimo, analia, anarudi. Mi ananiangalia kama mwizi."

"Na kweli ni wewe uliyeuchukua," nikamwambia.

"Ni mi. Lakini hajaniuliza."

Nilichungulia nyuma ya mlango wa kibanda chake, kwa sababu simwamini mtu kwa maneno matupu. Ubao upo. Umefutwa vumbi.

Unaona sasa? Ulimshuku, na hukukosea. Una jicho, umelirithi, na nilijivuna kidogo pale mferejini, ingawa haikuwa mahali pake. Lakini shuku yako nayo ilichoka njiani. Ilifika kwa Mama Faida ikageuka machozi, ukaja nyumbani ukatuambia watu wa hapa si watu. Ungemuuliza neno moja ungejua kwamba alikuwa anakungoja.

Na lipo jingine, ambalo hutalipenda. Jioni zile ulipokuwa unawaita watu wapite, nilikuwa nakuangalia nikiwa kwa muuza vocha. Ndiyo, tena. Ulisimama ukingoni, umevaa fulari yako, unaonyesha kwa mkono. Sikukuona ukivuka mbele yao hata mara moja. Nilidhani nitakuambia kesho, na kesho tena, na kiburi changu kikanishika, kwamba mambo ya skauti si yangu. Ningekuambia siku ile, huenda leo usingekuwa na bahasha.

Siwezi kukuahidi kwamba ukipigilia ubao huo watu wote watapita. Nashuku wengine hawatapita mpaka waone Mama Faida amepita, na Mama Faida nashuku atapita wakati ambao hakuna anayemwona. Siwezi kukuahidi hata hiyo ngazi ya juu. Wakubwa wenu wanaweza kuja likizo wakakuta watu watatu na mbuzi, wakatikisa kichwa. Lakini ukirudisha fulari kesho, kule Gitega utakuwa mtu aliyeondoka akiamini mtaa mzima ulimchukia, kumbe ilikuwa mama mmoja ana ubao nyuma ya mlango na baba mmoja ana mdomo mrefu. Sitaki ukue na jambo hilo. Mimi nimekua na mambo mengi ya namna hiyo ambayo sikuyafuatilia mpaka mwisho, na yamenifanya mtu wa kuchungulia nyuma ya kuta.

Nimekudanganya jambo moja. Nilikuambia basi linaondoka saa moja na nusu. Linaondoka saa tatu. Muda unao. Mfuko wa pembeni wa begi lako una nyundo ndogo na ile misumari, nimeinyoosha yote. Mama Faida anawasha moto wake alfajiri. Mwamkie vizuri, muulize ubao uko wapi, kisha usikilize, hata akikusema. Ukishaupigilia, vuka, urudi, watu wakiwa wanatazama. Baada ya hapo, kama bado unataka kumpa Shefu Dezire bahasha yake, mpe, sitasema neno.

Nenda peke yako. Ningependa kukuambia kwamba safari hii sitakufuata, lakini wewe ni mwanangu, hutaniamini, na hata mimi sijiamini. Kwa hiyo nimempa mama yako viatu vyangu vyote, na sandali, avifungie ndani ya kabati. Nitakaa hapa mlangoni, miguu mitupu. Amesema atanirudishia akisikia nyundo.

Baba yako,
Jumaine